Anayejilipia Nauli Anamsikiliza Nani?

Swali lilianzishwa na Muuguzi, na wala halikuwa la dini. Alitaka kujua hivi: mume na mke wastaafu wametoka Marekani au Ulaya, wamekuja Burundi kulitumikia kanisa mwaka mmoja au miwili, nauli yao, chakula chao na kodi ya nyumba vyote wamelipa wenyewe. Siku wakikosea, nani ana mamlaka ya kuwaambia?

Tulikuwa Gitega, dereva wetu amekwenda kutafuta mafuta, na mtu aliyekwenda kutafuta mafuta Burundi ya miaka hii humpangii saa ya kurudi. Kwa hiyo swali lilipata nafasi. Nimeyaandika yaliyosemwa kadiri nilivyoyashika. Majina nimeyaacha. Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Buraza, hapa mkoani Gitega. Muuguzi anatoka Muyinga, na kabla ya kuajiriwa alikuwa mkalimani wa wazee wawili wa aina hiyohiyo anayoiulizia. Mchungaji ni wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Quaker. Hajati anauza vitenge Muyinga mjini. Hakualikwa kwenye mazungumzo, ila alikuwa anamsubiri dereva yuleyule.

MCHUNGAJI: Tusilizungumze kama jambo geni. Kanisa letu nchini lilianzishwa na wazee. Arthur Chilson na mkewe Edna walikuja miaka ya 1930, na mwaka 1934 wakakaa Kibimba, si mbali na hapa tulipo, kwenye kituo ambacho Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walikiacha wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Chilson alizaliwa 1872, pigeni hesabu wenyewe. Alikuwa amekwisha kuimaliza kazi ya maisha yake, maana ndiye aliyekwenda Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, pamoja na Willis Hotchkiss na Edgar Hole. Ile misheni yao ndiyo iliyowazaa Marafiki wa Kenya, ambao leo ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Angebaki Kansas, Marekani, akapumzika, nani angemlaumu? Akaja kwetu kuanza upya. Akafa hapahapa, mwaka 1939.

MUUGUZI: Pasta, huyo simpingi. Lakini Chilson alihamia. Hakuja na tiketi ya kurudi mfukoni. Wangu mimi siku ya kwanza tu walinionyesha kalenda, tarehe ya kuondoka imezungushiwa duara jekundu.

MCHUNGAJI: Na wewe ungetaka wafie hapa?

MUUGUZI: Nataka kujua walikuwa wanamwogopa nani. Chilson akigombana na watu wa Kibimba, kesho yake anaamka nao, na mwaka ujao anaamka nao. Wangu wakigombana na mtu, wanahesabu miezi.

MWALIMU: Binti yangu, nawe unamkweza mno Chilson. Mwaka 1934 nchi ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Mmisionari wa siku zile alikuwa na ardhi, ana shule, ana dawa, na nyuma yake kuna serikali ya watu wa rangi yake. Nani wa Kibimba angemwambia kitu?

Hapo nilitaka kuingilia, nikanyamaza, kwa sababu Mwalimu alikuwa amegusa jambo ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. Tunayajua ya Kibimba ya miaka ile kwa sehemu kubwa kupitia kalamu ya Edna, aliyeandika maisha ya mumewe katika kitabu kilichotoka mwaka 1943. Hakuna mtu wa Kibimba aliyeandika kitabu cha upande wake wakati ule. Na hata ndani ya kitabu hicho kazi za mama mwenyewe zimekaa nyuma ya za mume, ingawa aliyekishika kitabu mkononi anakuwa anasoma kazi ya mama.

HAJATI: Hao wazee wenyewe wanafanya nini siku nzima? Maana nasikia tu wanatumikia, wanatumikia.

Muuguzi akacheka, akaeleza. Ratiba ya wazee wake wale ilikuwa ya watu wazima wenye mwili unaouma. Saa kumi na mbili asubuhi mzee anawasha jiko la makaa, kwa sababu umeme hauaminiki, anachemsha maji ya kunywa. Mama anafungua kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki: presha, moyo, mifupa, na kidonge cha malaria. Saa mbili wanafika ofisini kwa kanisa, mzee anakagua vitabu vya hesabu, mama anawafundisha wasichana Kiingereza. Mchana wanalala. Alasiri wanatembelea wagonjwa, mkalimani akiwa mbele. Usiku wanakaa na simu kuzungumza na wajukuu, ambao kwao bado ni mchana. Siku ya mtandao mbaya mama huyo alikuwa halali.

MUUGUZI: Nilimpenda. Nisieleweke vibaya. Alikuwa akinibembeleza nile kama mama yangu.

MCHUNGAJI: Basi ngoja nikupe moja ya wangu, maana nami niliishi jirani na wazee kama hao. Tulikuwa na mzee wa kanisa, msomaji wetu wa Maandiko, ambaye kila Jumapili kusoma kwake kulikuwa kunazidi kuwa kwa taabu. Sote tulijua amechoka, uzee. Vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo walipita mara ngapi sijui, hakuna aliyeona kitu. Yule mama wa Kizungu Jumapili ya kwanza tu alimwona anavyokinyoosha kitabu mbali na uso, mkono wote umenyooka. Baada ya ibada akafungua mkoba wake, akatoa miwani yake ya akiba ya kusomea, akamvalisha. Mzee akasoma ukurasa mzima palepale, amesimama mlangoni, watu wanashangaa. Kijana wa miaka 20 angelijuaje hilo? Macho yake hayajamsaliti bado.

MUUGUZI: Na sisi?

MCHUNGAJI: Sisi nini?

MUUGUZI: Sisi tuliomwona kila Jumapili. Miwani ya kusomea inauzwa sokoni hapa Gitega, imepangwa juu ya turubai pamoja na betri na vitana. Hapakuhitajika ndege.

Mchungaji hakuwa na jibu la haraka, na kwa maoni yangu hakukuwa na jibu la haraka. Hadithi yake ilikuwa nzuri na lawama ya Muuguzi ilikuwa ya haki. Macho ya uzee huanza kumshika mtu karibu na miaka 40, kila mtu, tajiri na maskini. Ila kwetu kijijini tumezoea kuhesabu kwamba mtu akishaacha kusoma basi kusoma kumemwisha.

Nami nikaongeza kuni. Niliwaambia kwamba utaratibu uliopangwa kuliko yote wa wazee hawa ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile la Utah. Mume na mke waliokwisha kulea huitwa kwenda misheni kwa miezi 6, 12, 18 au 23, na hujigharimia. Mwaka 2011 kanisa hilo liliweka kikomo: kodi ya nyumba ikizidi dola 1,400 kwa mwezi, inayozidi ililipwa na kanisa, maana wengi walikuwa wanashindwa kwenda miji ya gharama. Na hawafungwi na ratiba ngumu ya vijana wao wanaotembea wawili wawili na tai shingoni.

MUUGUZI: Dola 1,400 kwa mwezi! Mimi ningejenga.

MWALIMU: Ungejenga, halafu? Ndiyo hoja ya kila mtu: tuma fedha, usije. Fedha zimetumwa nchi hii miaka mingapi? Mtu akija, angalau unamwona anavyokula.

HAJATI: Hapo Mwalimu kasema. Lakini mimi nina swali juu ya hilo la kujilipia. Kwetu pia lipo. Watu wa tabligh, yaani wahubiri wetu, wanatoka siku 40, wengine miezi minne, kila mmoja na nauli yake na unga wake. Wapo wanaotoka na wake zao, watu wazima kabisa. Wanakuja Muyinga kutoka Tanzania, wanaingilia Kobero. Tofauti ni kwamba kila msafara una amiri wake. Na wakifika mji wa watu, wanaume wanalala msikitini, wanawake wanafikia nyumba ya mwenyeji, na anayewatembeza mitaani ni mwenyeji. Mlango ambao mwenyeji hakuwaonyesha hawaugongi.

MCHUNGAJI: Amiri wao wamekuja naye, Hajati. Si wa Muyinga.

HAJATI: Amiri wao, njia yetu. Akisema mwenyeji nyumba ile iacheni, ina msiba, wanaiacha. Na hawamnunulii mtu cherehani.

Ile cherehani ilikuwa imekwisha tajwa kabla, Muuguzi alipokuwa anatusimulia sababu ya swali lake, Hajati hakuisahau. Kisa chenyewe ni hiki. Kikundi cha kina mama kilikuwa kinataka mashine ya kusagia mihogo, kwa sababu kwenda kusaga walikuwa wanatembea mbali na kupanga foleni. Wale wazee, kwa moyo safi, wakaona mafundi cherehani wanavyopata wateja kwenye masoko, wakanunua cherehani tano. Siku ya kukabidhi kina mama walipiga vigelegele, wakacheza, wakasema asante. Muuguzi akatafsiri asante.

MUUGUZI: Nilitafsiri walichosema. Walichokinyamazia sikukitafsiri. Nilikuwa na miaka 22, ningewaambiaje watu wa umri wa babu na bibi yangu kwamba zawadi yao haikutakiwa? Walipoondoka, cherehani mbili ziliuzwa, moja iliharibika, mbili sijui.

MWALIMU: Kosa la nani hapo?

MUUGUZI: Ndiyo swali langu nililoanza nalo.

MWALIMU: Basi nakujibu, na usikasirike. Sisi tumewafungia wale watu kila mlango wa kuambiwa ukweli. Mzee haambiwi kakosea. Mgeni haambiwi kakosea. Mfadhili ndiyo kabisa. Sasa mtu amekuja akiwa yote matatu kwa pamoja, unategemea atasahihishwa na nani? Buraza tuliwahi kupokea wazee wa namna hiyo. Jumamosi ya kazi za pamoja, ibikorwa rusangi, mzee wao akatokea na jembe jipya, karatasi ya dukani bado iko kwenye mpini. Alitaka kulima. Mkuu wa kilima, yaani wa kijiji chetu, akaagiza aletewe kiti. Akakaa kivulini, jembe miguuni, anatutazama tukifukia mashimo ya barabara. Jumamosi iliyofuata hakuja. Tukasema: mnaona, Wazungu hawapendi kazi za pamoja.

Hapa Hajati alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nilikiona kiti kile. Nimekikalia katika miji mingi.

MCHUNGAJI: Kuna waliokikataa. Mnamjua David Zarembka? Mmarekani, Rafiki mwenzetu, ndiye aliyeanzisha mpango wa Marafiki kwa nchi za Maziwa Makuu mwaka 1998. Alipofika umri wa kupumzika hakurudi kukaa kwao. Tangu 2007 aliishi Lumakanda, magharibi mwa Kenya, na mkewe Gladys Kamonya, mzaliwa wa hukohuko Kenya. Zile semina za kuponya majeraha ya vita zilizoanza Rwanda na Burundi mwaka 2003 zilikuwa na mkono wake: watu 20 kwa siku tatu, nusu Wahutu nusu Watutsi, waliofiwa wanakaa na watu wa upande uliowaulia. Mafunzo yakaendeshwa na Warundi wenyewe. Corona iliwachukua wote wawili mwaka 2021, mke kwanza, mume siku chache baadaye.

MUUGUZI: Pasta, huyo alikuwa na mashemeji! Ndicho ninachokitafuta. Mtu mwenye mashemeji ana pa kuitwa, ana wa kumkalisha chini. Akikosea, shangazi wa mkewe anamtuma mtu.

MCHUNGAJI: Kwa hiyo masharti yako ni waoe hapa? Wote wameshaoana.

MWALIMU: Tuache utani kidogo. Pasta, umetutajia Kibimba ya 1934. Taja na ya 1993.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Tarehe 21 Oktoba 1993, siku Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wanafunzi na walimu Watutsi wa shule ya Kibimba walikamatwa, wakakusanywa kwenye kituo cha mafuta, wakachomwa moto. Shule hiyo ilikuwa tunda la misheni ya Chilson. Leo pana mnara wa kumbukumbu kando ya barabara, na kila anayesafiri kati ya Bujumbura na Gitega anaupita.

MCHUNGAJI: Siku hiyo hapakuwa na Mzungu wa kulaumiwa. Wamisionari wengi waliondoka zama za Rais Bagaza, serikali ilipowanyima vibali mmoja mmoja mpaka 1987 alipopinduliwa. Waliochoma ni watu waliolelewa na kanisa letu, na waliochomwa vilevile. Sina cha kujitetea. Nasema tu kwamba mwaka uliofuata watu wa Kibimba waliunda kamati ya amani, ya pande zote mbili, na hospitali ikaendelea kutibu.

MWALIMU: Sikukutajia ili ujitetee. Nataka huyu binti aone kwamba tunaweza kukosea wenyewe, kikubwa kuliko cherehani tano, na kwa Kirundi safi bila mkalimani. Hivyo tusimgeuze mgeni kuwa ndiye shida yetu.

MUUGUZI: Sijamgeuza. Ila hata mfano wako unanisaidia, Mwalimu. Waliochoma walikuwa na watu wa kuwakataza, nao hawakukatazwa. Hiyo ndiyo hofu yangu kwa mgeni, na kwetu pia.

Mimi niko upande wa Muuguzi, nami sitajifanya mwamuzi. Naongeza hili tu, maana hakulisema: uzee wenyewe ni hatari inayobebwa na mwenyeji. Mwaka 2014, Septemba, masista watatu Wataliano wa shirika la Waksaveri waliuawa ndani ya nyumba yao Kamenge, Bujumbura. Wote walikuwa wamepita miaka sabini. Waliolia pale ni majirani. Mtu wa miaka sabini akianguka bafuni Buraza, kabla ya bima yake kupigiwa simu ng'ambo, watakaombeba ni vijana wa kilima kile. Anayembeba mtu apewe na haki ya kumsema.

Ndipo Mchungaji akatoa simu na kutueleza sababu ya yeye kusikiliza kwa makini namna ile. Alikuwa na barua ya mume na mke, wastaafu, mmoja alikuwa mhasibu na mwingine mwalimu wa watoto wadogo. Walikuwa wanaomba kuja Gitega mwaka mmoja, kwa gharama zao. Hajawajibu.

HAJATI: Waandikie sasa hivi, tupo.

MUUGUZI: Andika hivi: miezi mitatu ya kwanza hawanunui kitu kwa ajili ya mtu yeyote, hata penseli. Wanajifunza Kirundi. Wanaripoti kwa kamati ya kina mama, na kamati ndiyo inayosema kazi ipi.

MCHUNGAJI: Kamati ya kina mama imsimamie mhasibu wa miaka 67?

MUUGUZI: Ndiyo. Na mkalimani asilipwe na wao. Alipwe na kanisa, hata kidogo, ili aweze kutafsiri na kimya.

MWALIMU: Jumamosi jembe, bila kiti.

MCHUNGAJI: Mkiweka yote hayo hawatakuja.

MUUGUZI: Basi hawatakuja.

HAJATI: Watakuja. Mtu aliyelea watoto akawaoza, masharti haya ni madogo. Lakini Pasta, nami niulize: kama jambo hili ni la kheri, mbona barabara ni ya kuja tu? Mwalimu na mkewe wamestaafu, watoto wameondoka. Wapelekeni Kansas mwaka mmoja. Nasikia huko wazee wanakaa peke yao nyumbani, hakuna wa kuwaamkia. Hawa wanajua kuamkia.

Mwalimu alidhani anataniwa, halafu akaona hapana. Akataja viza, akataja baridi, akataja ng'ombe wake mmoja. Muuguzi akamwambia ng'ombe ana wajukuu wa kumlisha. Akauliza nani atawalipia nauli.

MCHUNGAJI: Tukikulipia sisi, utatusikiliza?

MWALIMU: Nitakusikiliza. Lakini mke wangu hatokwenda kwa watu ambao hawajaandika barua kumwomba. Sisi hatuendi kwa watu hivi hivi.

MUUGUZI: Na wao waliomba barua yetu kabla ya kuja?

MWALIMU: Hicho kiongeze kwenye masharti, Pasta. Kiwe cha kwanza. Na hilo la Kirundi, nani atawafundisha?

MCHUNGAJI: Nilidhani ni wewe.

MWALIMU: Miaka arobaini nimefundisha kwa mshahara wa serikali. Hawa nitawafundisha kwa muda wa saa moja na nusu kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwanza niambie mtanilipa kwa faranga au kwa dola, halafu tutazungumza.